Diski ya waifai au diski ya waya: ipi inaifaa laptopu yako

Nianze na jibu kabisa, mwenye haraka aondoke nalo. Kama diski unaitaka kwa kazi za laptopu yenyewe, yani bakapu, video unazohariri, mapicha ya miaka na miaka, chukua ya waya, na kama mfuko unaruhusu chukua SSD ya waya, yani diski isiyo na sahani inayozunguka ndani kama hadidiski. Kama unaitaka ili watu kadhaa wafungue vitu vilevile kwenye simu, tableti na laptopu zao bila kupokezana kebo, hapo ndo diski ya waifai inakuwa na maana. Wengi wananunua ya waifai wakidhani ni ileile ya kawaida ila imetolewa waya, na shida zote zinaanzia hapo, kwa sababu hivi ni vifaa viwili tofauti hata kama kwa nje vinafanana.

Diski ya waya ni diski tu. Ukiichomeka, laptopu inaiona kama yake, inaipa herufi, unaburuta faili unaachia, basi. Diski ya waifai ni kompyuta ndogo kamili: ndani kuna hadidiski au SSD, kuna betri, prosesa, redio ya waifai na mfumo wake wa uendeshaji, na laptopu haiigusi ile diski moja kwa moja bali inaiomba hiyo kompyuta ndogo isome faili halafu irushe hewani. Karibu kila kitu nitakachosema hapa chini kinatokana na hilo.

Diski za waifai zilikuja kwa sababu nzuri tu. Seagate walitoa GoFlex Satellite mwaka 2011, WD (Western Digital) wakafuata na My Passport Wireless mwaka 2014 na toleo la Pro mwaka 2016, na kipindi hicho iPad na iPhone zilikuwa hazisomi diski ya USB ya kawaida, huku laptopu nyembamba nazo zikianza kunyang'anywa matundu, mfano MacBook ya inchi 12 ya mwaka 2015 ilikuwa na tundu moja tu la USB-C na hilohilo ndo la kuchajia. Kwahiyo ukiwa na mafilamu na mapicha GB 500 na tableti yenye nafasi ya GB 16, waifai ilikuwa njia pekee ya maana. Sasa hali imebadilika. Tangu iOS 13 na iPadOS 13 mwaka 2019 vifaa vya Apple vinafungua diski za nje, iPhone 15 ya mwaka 2023 ikaja na USB-C, na simu nyingi za Android zinasoma flashi na SSD kwa kebo au adapta ya OTG, ile ya kuchomekea flashi kwenye simu. Yani nusu ya sababu ya kununua diski ya waifai imeshakufa, na hili watu hawaambiwi wakati wa kununua.

Spidi

Hapa ndo pana tofauti kubwa na hapa ndo namba za kwenye boksi zinachanganya watu. Waifai inaandikwa kwa megabiti, faili zako zinapimwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti 8, kwahiyo ukiona Mbps 150 gawa kwa 8 upate kama 19 MB kwa sekunde, na hiyo ni ya kwenye karatasi, kwa matumizi halisi unapata nusu yake au chini. Matoleo mengi ya mwanzo yalitumia 2.4 GHz, masafa ambayo yana chaneli tatu tu zisizoingiliana, 1, 6 na 11, na humohumo ndo ziko ruta za majirani, Bluetooth, mpaka maikrowevu inavuja humo. Matoleo yenye 5 GHz yako vizuri zaidi, ila nayo yanapungua nguvu ukiweka ukuta katikati.

Waya upande mwingine: USB 3.0 ina Gbps 5, na hadidiski ndogo ya kuzunguka inatoa kama 100 mpaka 140 MB kwa sekunde kwa mafaili makubwa, SSD ya kawaida ya ndani ya kasha la USB inafika 400 hadi 500. Hata hadidiski ya polepole kabisa inaiacha waifai mbali.

Tufanye hesabu ya kadi ya kamera ya GB 64 iliyojaa. Kwa waya wa 100 MB kwa sekunde ni kama dakika 11. Kwa waifai nzuri ya 5 GHz ikikupa 25 MB ni dakika 40 na kitu. Kwa 2.4 GHz yenye msongamano ikikupa 5 MB, ni masaa matatu na nusu. Na hiyo ni kama mafaili ni makubwa makubwa, ukiwa na folda ya mapicha madogo elfu kadhaa inakuwa mbaya zaidi, kwa sababu kwa kila faili laptopu na diski zinaongea kwanza, fungua, andika, funga, fungua, andika, funga, na maongezi yote hayo yanapita hewani.

Mi huwa nawaambia watu wakae waangalie lile dirisha la kukopi la Windows wakati wa kuhamisha kwa waifai. Linaanza na 12 MB, mstari wa kijani uko juu, unajisikia vizuri, mara mtu chumba cha pili anafungua video kwenye simu yake, mstari unashuka 6, unashuka 2, unalala kabisa chini kwenye sifuri, muda uliobaki unabadilika kutoka dakika 20 kuwa masaa 3, halafu unaamka tena. Kwenye waya mstari huo unakaa umenyooka. Hadidiski nayo inashuka ikijaa au ikikutana na vifaili vidogo, sikatai, ila haishuki kwa sababu ya mtu wa chumba cha pili.

Lakini tuwe wa haki, spidi ya kuangalia ni kitu kingine na spidi ya kuhamisha ni kitu kingine. Filamu ya HD inahitaji kama Mbps 5 hadi 10 tu, kwahiyo waifai hiyohiyo inayokusumbua kwenye kukopi inaweza kuwachezeshea watu watatu wanne filamu tofauti bila kukwama. Kwenye kuangalia diski ya waifai iko poa kabisa. Kwenye kukopi ndo inazingua.

Intaneti inapotea

Hili ndo lalamiko namba moja, na wala halina uhusiano na ubovu wa kifaa. Diski ya waifai inatengeneza mtandao wake, wewe unaenda kwenye orodha ya waifai unachagua jina lake, na laptopu inaweza kuwa kwenye waifai moja tu kwa wakati, kwahiyo ukijiunga na diski umeshatoka kwenye ruta. Barua pepe kimya, WhatsApp ya kwenye laptopu kimya, ile alama ya waifai inakuandikia haina intaneti. Simu nazo zina tabia yake, zikiona mtandao hauna intaneti zinarudi kwenye data zenyewe au zinarukia waifai nyingine, afu unashangaa filamu imekatika katikati wakati diski iko mezani hapohapo inawaka taa.

Suluhisho lipo, diski nyingi zinakuruhusu kuziunganisha na ruta ya nyumbani, yani laptopu inaongea na diski, diski inaongea na ruta, intaneti inapita. Inafanya kazi ila diski sasa inagawa redio yake kwa kazi mbili na spidi inashuka. Njia nyingine ni wote muwe wateja wa ruta, laptopu na diski, ila hapo kila baiti inapita hewani mara mbili, kutoka diski kwenda ruta halafu ruta kwenda laptopu, kwahiyo kama ni masafa yaleyale unapoteza karibu nusu. Kama laptopu yako ina tundu la mtandao ichomeke kwa kebo kwenye ruta, utaona nafuu ya maana.

Diski ya waya kwenye hili haina la kujibu, unachomeka na intaneti yako iko palepale.

Kuandika na kufuta, naomba usome hapa vizuri

Kwa laptopu, diski uliyoifungua kwa waifai ni folda ya mtandao, na folda ya mtandao ina sheria zake. Ya kwanza na ya hatari: kwenye Windows ukifuta faili lililoko kwenye folda ya mtandao haliendi kwenye kapu la taka, limeondoka moja kwa moja. Hadidiski ya waya kwa kawaida ina kapu lake, unafungua unarudisha. Watu waliozoea kufuta huku wakijua kapu lipo ndo wanaoumia, na ukizingatia diski hizi zinashikwa na watu wengi, mtoto mwenye tableti, mgeni mwenye simu, ni rahisi folda nzima ya mapicha ikaondoka na hakuna aliyeona. Kama yako ina sehemu ya kuweka kusoma tu kwa wageni, iweke leo.

Ya pili, kukatika. Ukifunga mfuniko laptopu inalala, ikilala waifai inakatika, na kama ulikuwa unahamisha, yani kukata na kupesti, unabaki na nusu huku na nusu kule. Siku zote kopi kwanza, hakikisha mafaili yanafunguka upande wa pili, ndo ufute ya mwanzo. Kwenye waya sheria ni hiyohiyo ila nafasi ya kukatika ni ndogo, labda mtu ajikwae kwenye kebo.

Ya tatu, programu zenyewe zinakataa. Lightroom Classic, programu ya kuhariri picha, haikubali katalogi yake ikae kwenye folda ya mtandao. Kuhariri video moja kwa moja kutoka waifai ni kujitesa, unasogeza alama kwenye mstari wa muda na picha inakuja baadaye. Time Machine, programu ya bakapu ya Mac, inataka diski ya mtandao iliyotengenezwa kuikubali, na nyingi za hizi ndogo haziikubali. Hadidiski ya waya inafanya yote haya, ila Time Machine inaweza kutaka kuifomati upya kwanza.

Kwahiyo bakapu ya laptopu kwa waifai ya hizi diski ndogo mi siipendekezi kwa mtu yeyote, nasema wazi. Bakapu ni kitu unachotaka kiishe usiku mmoja na kiwe kizima siku unakihitaji.

Betri

Diski ya waya haina betri, inakula umeme wa laptopu, hadidiski inakula zaidi na SSD kidogo, utaona chaji inashuka haraka ukiwa safarini, basi. Ya waifai ina betri yake na watengenezaji wanatangaza masaa 6 hadi 10 ya kucheza video ikiwa mpya. Shida ni kwamba ni betri ya lithiamu kama ya simu, miaka inavyoenda inachoka, na nyingi huwezi kuibadilisha mwenyewe kirahisi. Baadhi zinaweza pia kuchaji simu kama pawabenki, My Passport Wireless Pro kwa mfano ina betri ya mAh 6400, ambayo ni kama Wh 23 (wati-saa, kipimo cha nishati ya betri), chini kabisa ya ule mpaka wa Wh 100 wa kwenye ndege, ila ibebe kwenye begi la mkononi, usiiweke kwenye mzigo unaoingia chini.

Na kitu kingine: betri ikikata wakati diski inaandika, mfumo wa mafaili unaweza kuharibika. Ikifika asilimia 20 acha kuandika, angalia tu.

Usalama

Nyingi zinatoka kiwandani bila nenosiri la waifai. Maana yake ukiiwasha kwenye basi au kwenye mkutano, kila mwenye simu aliye karibu anaweza kuingia. Kuna kisa cha mwaka 2015 kinachojulikana, baadhi ya diski za waifai za Seagate na LaCie zilikutwa na mlango wa siri wa Telnet (njia ya zamani ya kuingia kwenye kifaa kwa mbali) wenye jina na nenosiri la kiwandani, mtu akiwa kwenye mtandao huo anaingia mpaka ndani kabisa, ikabidi zitolewe programu mpya za kuziba. Diski ya waya haiwezi kupata tatizo la namna hiyo kwa sababu haina mtandao.

Hatari nyingine ya namna hiyo ni SMB1, ile lugha ya zamani ya kushea mafaili. Baada ya kirusi cha WannaCry cha Mei 2017 kuitumia kusambaa, Microsoft waliacha kuiweka kwenye Windows 10 kuanzia toleo la mwishoni mwa mwaka huo. Sasa kuna diski za waifai za zamani zinazojua SMB1 peke yake, ukizinunua leo laptopu yako mpya haizioni kabisa kwenye mtandao, na ukitafuta msaada utaambiwa uwashe SMB1 kwenye Windows. Usifanye hivyo. Unafungua mlango kwenye laptopu nzima kwa ajili ya diski moja.

Kuhusu kufunga data kabisa kwa nenosiri, kwa BitLocker ya Windows na wenzake, kwenye waya unaweza kufunga diski yote, ikiibiwa aliyeiba anabaki na chuma tu. Kwenye ya waifai huwezi kufanya hivyo na bado ukabaki na waifai, kwa sababu ile kompyuta ndogo ya ndani inatakiwa isome mafaili ndo iyagawe. Nyaraka za kazi, skani za vitambulisho, mambo ya hospitali, hivyo vikae kwenye ya waya iliyofungwa.

Halafu kuna app. Diski ya waifai ukiitumia na simu inategemea app ya mtengenezaji, na siku akiacha kuihudumia, simu mpya inakataa kuiinstoli, unabaki unatumia brauza au unatafuta app nyingine ya mafaili inayojua SMB. Ya waya haihitaji app ya mtu.

Pale ambapo ya waifai inashinda kweli

Wapiga picha wa nje ya studio. Baadhi ya hizi diski zina tundu la kadi ya SD, unachomeka kadi, unabonyeza kitufe, inakopi yenyewe bila laptopu kabisa, na hapo kukopi hakupiti hewani, kunapita ndani kwa ndani, kwahiyo spidi ni nzuri. Unatembea na kifaa kinachoingia mfukoni, laptopu umeiacha, na jioni unaiunganisha kwa kebo unamalizia kazi. Mi naona hii ndo sababu bora kuliko zote.

Nyingine ni safari ndefu na watoto wenye tableti, kila mmoja anaangalia chake, hakuna intaneti inayohitajika, nyingi zinakubali mpaka vifaa 8 kwa pamoja ingawa kwa filamu za HD usizidishe watatu wanne. Na semina au darasa ambapo mwalimu anataka watu wote wachukue mafaili yaleyale bila flashi moja kuzunguka mikononi ikigawa virusi.

Kwa ofisi yenye watu kadhaa wanaofanya kazi kwenye mafaili yaleyale kila siku, sichagui hata moja kati ya hizi mbili. Hapo ni diski ya mtandao inayokaa sehemu moja, imechomekwa kwa kebo kwenye ruta, yenye diski mbili ndani, na hakikisha bado inapata masasisho, maana Juni 2021 watu wengi waliokuwa na WD My Book Live zilizounganishwa na intaneti waliamka wakakuta data yote imefutwa kwa mbali, na kifaa hicho kilikuwa hakipati masasisho tangu 2015.

Klaudi naitaja haraka tu, ni nzuri kama bakapu ya pili ya vitu vya muhimu, ila GB 100 kwa intaneti inayopandisha Mbps 5 ni zaidi ya masaa 44 mfululizo, na bando linaisha kabla.

Kama umeshaamua ya waifai

Usiihukumu wala usiisifu kabla hujajua unavyoijaza. Jaza kwa kebo siku zote, angalia kwa waifai. Ukiichomeka kwenye laptopu nyingi zinazima waifai, ni kawaida. Fomati, yani namna diski inavyopanga mafaili, iwe exFAT ili Windows na Mac zote ziandike, kwa sababu Mac inasoma NTFS (fomati ya Windows) ila haiandiki, na FAT32, fomati ya zamani, inakataa faili linalozidi GB 4, ambalo ni filamu moja tu. Ukiandika kwa exFAT, kabla ya kuchomoa kebo iondoe kwa usalama kwanza, hii fomati haivumilii kuchomolewa ghafla kama NTFS inavyovumilia.

Na kama ni ya mtumba, nenda na laptopu yako. Iwashe bila chaja uone betri inakaa muda gani, itafute kwenye mtandao bila kuwasha SMB1, fungua filamu kubwa huku umesimama umbali wa chumba kimoja, halafu ichomeke kwa kebo ukopi faili la GB 4 au 5 kuingia na kutoka. Ikigoma kwenye kebo iache, hata kama waifai yake inawaka vizuri, kwa sababu siku betri ikifa kebo ndo njia pekee itakayobaki ya kutoa vitu vyako humo.